Nyumba Mpya za Karema

Mpanda ni mji uliozaliwa na madini ya risasi. Yaligunduliwa huko Mukwamba mwaka 1934, na baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni ya Uruwira Minerals ikaanza kuyachimba kwa nguvu. Serikali ya kikoloni ilitandika reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua ili mzigo uungane na reli ya kati, na kazi hiyo ikamalizika mwaka 1950. Miaka kumi baadaye mgodi ukafungwa. Reli ikabaki, mji ukabaki, na mimi niliingia Mpanda kwa reli hiyo hiyo, nikitokea Tabora, katika behewa lililojaa magunia, watoto waliolala na akina mama waliokuwa wakizungumzia bei ya mchele.

Nilipowaambia watu wa mjini kwamba naelekea Karema, hakuna aliyeniuliza habari za kanisa la kale wala za boma la Wabelgiji. Wote waliniuliza kama nimepata kiwanja. Kijana wa bodaboda aliyenichukua pale Makanyagio alinieleza kwa moyo wote, akigeuza shingo huku anaendesha: "Nunua sasa, kaka. Bandari ipo tayari. Siku reli ikifika, hutagusa." Mwenye nyumba ya wageni alisema hivyo hivyo. Muuza chai naye alikuwa na shemeji yake aliyenunua, na shemeji huyo alikuwa ameshapandisha kuta hadi lenta.

Maneno yao yana msingi. Tangu mwaka 2019 Serikali imejenga bandari Karema kwa karibu shilingi bilioni 48, ili mizigo ya Kongo ivuke ziwa kuelekea Kalemie na Moba bila kuzunguka Tunduma. Reli ya kisasa nayo imo kwenye mipango, kutoka Kaliua kupitia Mpanda mpaka Karema. Mkoa wenyewe wa Katavi ni mchanga, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, na kwa watu wake bandari ni jibu la miaka mingi ya kuambiwa kwamba wako pembezoni. Sikukutana na mtu yeyote, Mpanda wala Karema, asiyeitaka bandari. Naliandika hili mapema ili wazee nitakaowataja mbele wasieleweke vibaya.

Barabara ya Karema inaachana na mji upande wa Kagwira na kuingia miombo. Ni zaidi ya kilomita 100. Gari letu lilikuwa limebeba saruji kwenye kibebeo, bati chini ya miguu yetu na milango miwili ya mninga iliyofungwa kwa kamba ya katani. Kila kijiji tulichopita kilikuwa na tanuru la tofali linalofuka moshi. Baada ya Kapalamsenga nchi inaanza kushuka, na joto linapanda. Tulipofika Ikola ziwa likafunguka lote mbele yetu, na kwa mbali upande wa pili milima ya Kongo kama wingu lililokaa chini. Abiria aliyekuwa pembeni yangu, mvuvi wa migebuka, alinionyesha nguzo za nyumba zilizosimama majini. Maji ya Tanganyika yamepanda sana tangu mwaka 2020, kuanzia Bujumbura na Kalemie hadi mwambao wetu, na waliokuwa wamejenga karibu wamehama.

Kupanda kwa maji ndiko nusu ya kisa hiki. Ukisimama Karema unaona sehemu mbili. Chini, karibu na maji, kuna bandari, mialo, vichanja vya dagaa na maduka mapya. Juu kidogo, kwenye ardhi iliyoinuka, kuna misheni, kanisa, miembe mikubwa na nyumba za matofali mabichi zilizokaa karibukaribu, nyingine zikiwa na baraza ya mbele na paa lililobadilishwa kutoka nyasi kuwa bati. Chini kunasongwa na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ni sheria nzuri. Lakini mtu aliyekatazwa kujenga chini anapandisha macho juu, na huko juu ndiko ulikoanzia mji.

Mwezi Agosti 1879 Kapteni Cambier wa Ubelgiji, akiongoza msafara wa jumuiya ya Mfalme Leopold, aliweka kambi hapa na kuanza kujenga boma lililoitwa Fort Léopold. Ilikuwa ngome ya kwanza ya jumuiya hiyo kando ya ziwa, kabla ya Mpala upande wa pili, na kabla Kongo haijawa mali ya mtu mmoja. Mwaka huo huo Mwingereza Carter, aliyeajiriwa na mfalme huyo huyo, aliteremsha tembo wanne wa India pale Msasani kujaribu kama wanaweza kubeba mizigo badala ya wapagazi. Mmoja tu ndiye aliyefika Karema. Carter mwenyewe aliuawa mwaka uliofuata huko Mpimbwe, ndani ya mkoa huu huu wa Katavi, katika vita vya mtemi Mirambo na washirika wake. Kapteni Ramaeckers, aliyekuja baada ya Cambier, alifia Karema mwaka 1882. Ngome ilikula watu wake haraka. Mwaka 1885, baada ya Mkutano wa Berlin kumpa Leopold upande wa magharibi, ikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe, wamisionari wa Kanisa Katoliki.

Kuna jambo la maji hapa pia. Boma lilipojengwa, ziwa lilikuwa juu sana. Mto Lukuga, unaotoa maji ya ziwa kuelekea Kongo, ulikuwa ndiyo kwanza umefunguka, na katika miaka iliyofuata maji yalishuka kwa mita nyingi. Msafiri Joseph Thomson alipita Karema mwaka 1880 na kuona jinsi ufuko ulivyokuwa ukilikimbia boma. Hakupasifu mahali pale hata kidogo. Uwanda uliobaki mkavu ndio ulioshika mashamba na nyumba za vizazi vilivyofuata. Sasa maji yanaudai uwanda wake.

Mapadri walipoingia waliendelea kukomboa watumwa, hasa watoto, kutoka misafara iliyokuwa ikivuka ziwa kutoka Kongo. Waliwakuza, wakawaozesha, wakawapa viwanja kuzunguka misheni. Mwaka 1889 alifika Adrian Atiman, mtu wa karibu na Timbuktu, ambaye naye aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadri hao hao huko Algeria na kusomeshwa udaktari Malta. Alioa hapa, akatibu hapa, akafundisha dini hapa mpaka alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Sumbawanga ina jina lake. Kwa miaka mingi hata jimbo lote la Kanisa Katoliki liliitwa Karema, hadi mwaka 1969 lilipopewa jina la Sumbawanga.

Haya yote yanapatikana vitabuni. Jambo ambalo sikulipata kitabuni nililipata barazani kwa bibi mmoja anayeishi hatua chache kutoka kanisani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Karibu, keti. Umetumwa na watu wa vipimo?"

Nilimwambia hapana, mimi ni mpita njia tu ninayeandika. Alicheka kidogo, kisha akasema kwamba siku hizi kila mgeni anayekuja na daftari anaishia kuchomeka jiwe ardhini. Akanionyesha bikoni nyeupe ya saruji iliyokuwa pembeni mwa njia, karibu na shina la mwembe. Bibi yake mzaa mama, alisema, aliletwa hapa akiwa mtoto asiyejua jina la kijiji chake. Alijua jina la mama yake tu. Mapadri walimwandika kwa jina la ubatizo, na alipoolewa wakampa mumewe kiwanja hiki.

"Mbende ana milima yake," aliniambia. "Mfipa ana Ufipa. Mimi ukiniuliza kwetu wapi, nitakuonyesha ukuta huu."

Niliutazama ukuta. Ni wa matofali mabichi, mnene kiasi cha mkono mzima, umepakwa chokaa mara nyingi hata pembe zake zimekuwa za mviringo. Nyuma yake kuna makaburi ya familia, mengine yamewekewa mawe tu bila majina. Nyumba kama hiyo ndiyo hati yake ya ukoo. Tunapozungumza juu ya kuhifadhi majengo ya kale huwa tunafikiria minara na milango ya nakshi. Hapa kitu kinachohifadhiwa ni uthibitisho kwamba watu walionyang'anywa asili yao walipata pa kuanzia. Kwangu mimi hiyo ni sababu nzito kuliko boma la Leopold, ambalo historia yake imechafuka kwa yaliyofuata Kongo.

Bondeni kidogo kutoka kwa bibi huyo kulikuwa na msingi mpya. Mawe yameshapangwa, nondo zimesimama, lundo la mchanga limeziba nusu ya njia ya watu wanaokwenda kisimani. Majirani walikuwa na malalamiko yao, na niliyasikia moja moja, barazani, kisimani, na jioni chini ya mwembe walipokusanyika wanaume na wanawake kama kumi hivi, bila ajenda, kwa sababu tu habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna mtu anauliza.

La kwanza lilikuwa maji ya mvua. Nyumba ya zamani ilikuwa na paa la nyasi lililodondosha maji taratibu pande zote. Bati la kisasa lenye mgongo mrefu linayakusanya na kuyamwaga mahali pamoja, na kama mwenye nyumba hakuweka mifereji na shimo la kupokea, yanashuka na mteremko moja kwa moja kwenye msingi wa jirani. Tofali bichi haliwezi hilo. Mama mmoja alinipeleka nyuma ya nyumba yake nikaona jinsi ukuta ulivyolika chini, nafasi ya kuingiza ngumi, tangu jirani wa juu alipoezeka.

Fundi mzee, aliyejenga Karema tangu ujana wake, aliongeza jambo ambalo nilitamani kila mwenye nyumba ya udongo nchini alisikie. Watu wakiona ukuta umelika wanakimbilia saruji. Wanaupiga plasta ngumu nje, unapendeza. Lakini udongo unavuta unyevu kutoka chini, na zamani unyevu huo ulitoka kupitia chokaa na kukauka na jua. Ukiufunika kwa saruji hauna pa kutokea. Unakaa ndani, na baada ya misimu michache ya mvua plasta inabanduka pamoja na nusu ya tofali. "Watasema nyumba za babu zilikuwa dhaifu," alisema. "Zimesimama miaka mia. Tumeziua sisi."

Halafu kuna vyoo. Viwanja vinavyokatwa ni vidogo, na shimo la choo linachimbwa pale nafasi ilipobaki, hata kama ni juu ya kisima. Kwenye mwambao ambao kipindupindu si mgeni, hofu hiyo haihitaji kuelezwa mara mbili. Kuna njia: vichochoro vinavyopita kati ya nyumba za zamani havijaandikwa popote, kila mtu anavijua, na ramani mpya inavipita juu. Kuna miembe inayokatwa ili kuchomea tofali. Na kuna makaburi. Wachimba msingi wameshakutana na mifupa, walisema, na vigae vya vyungu, na shanga. Shanga watoto walizigawana. Mifupa ilifukiwa upande wa pili wa njia bila sala.

Kijana mmoja aliyekuwa kimya muda wote alisimama kuzungumza, na ilionekana watu walikuwa wanamngoja. Yeye ndiye mwenye msingi ule. Hakuwa mgeni wala tajiri wa Mpanda. Alizaliwa Karema, nyumba yake ya chini imezama, ana watoto watatu waliokuwa wakilala kwa mjomba tangu maji yaingie. Kiwanja alipewa na baba yake mdogo. "Wazazi wangu," alisema, "mnataka nijenge wapi? Chini sheria inanikataza na ziwa linanikataza. Huku juu mnanikataza ninyi." Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka. Aliahidi kuweka mifereji, akaomba aonyeshwe mpaka wa makaburi ili asiukanyage, na hapo ndipo mazungumzo yalipokwama, kwa sababu kila mzee alionyesha mpaka wake, na haukulingana na wa mwenzake.

Ubishi ule ulinifundisha zaidi ya malalamiko yote. Majirani hawa hawagombani juu ya nyumba. Wanagombana kwa kukosa mstari mmoja unaotambuliwa na wote, na kila msingi unaochimbwa unakuwa vita vipya. Mwenye haraka anajenga, mwenye subira analalamika, na anayekuja na fedha kutoka mbali anapita katikati yao wakiwa wanabishana.

Sheria inasaidiaje? Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863. Boma la Karema lilianza 1879. Kwa tofauti ya miaka 16, mahali palipoanzia misheni kongwe, palipozikwa Atiman, palipotua watoto waliokombolewa kutoka minyororo, hapalindwi mpaka waziri apatangaze katika Gazeti la Serikali. Uwezo huo anao, sheria hiyo hiyo imempa. Inamtaka pia yeyote anayekuta vitu vya kale ardhini atoe taarifa kwa mamlaka. Pale kwenye mkutano wa mwembeni hakuna hata mmoja aliyewahi kuelezwa hilo, na siwalaumu. Nani angewaeleza?

Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka UNESCO orodha ya mapendekezo ya njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara, Ujiji. Karema haimo. Naielewa sababu, kwani njia ile kuu ilikwenda Ujiji. Lakini Ujiji inaeleza jinsi watu walivyopelekwa pwani, na Karema inaeleza jinsi baadhi yao walivyozuiwa njiani wakabaki. Habari ya kwanza bila ya pili ni nusu.

Najua pia kwamba kutangazwa peke yake hakutoshi. Mji Mkongwe wa Zanzibar umekuwa Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, una mamlaka yake ya hifadhi, una sheria yake, na bado jumba lake la Beit al-Ajaib lilianguka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, likaua watu. Jengo linalindwa na watu wanaolikarabati kila mwaka kwa vifaa vinavyolifaa. Karema ina bahati ambayo Mji Mkongwe hauna: wenye nyumba ndio wanaoishi humo, mafundi wa chokaa na udongo hawajaisha, na nyumba ni chache kiasi kwamba mtu anaweza kuzihesabu kwa asubuhi moja akitembea.

Kinachowezekana hakihitaji fedha za wafadhili. Karema ni ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi. Wazee wanaweza kutembea na vijana siku moja, makaburi yote yakawekewa alama, vichochoro vikachorwa, visima vikapewa umbali wake, na mteremko wenye nyumba za udongo ukapewa masharti mepesi: mifereji ya paa, choo upande wa chini, hakuna kuchimba makaburini. Upande mwingine wa misheni, mbali na maji, ukapimwa viwanja vya wale waliozamishwa, yule kijana akiwa wa kwanza. Ramani hiyo ikishapitishwa na mkutano, ndipo iende wilayani Tanganyika, kisha kwa Idara ya Mambo ya Kale pamoja na ombi la kutangazwa.

Nilirudi Mpanda na gari lililobeba dagaa. Njiani tulipishana na malori mawili ya saruji yakielekea ziwani.

Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na kila mwanakijiji mwenye umri wa miaka 18 ana haki ya kuhudhuria na kuuliza. Kama umezaliwa Karema na leo unaishi Mpanda, Tabora au Dar es Salaam, piga simu nyumbani uulize mkutano ujao ni lini, nenda, na umwombe mwenyekiti aweke ramani ya mtaa wa zamani kwenye ajenda kabla wapimaji wa reli hawajafika.